Sura ya Lozana Kwenye Kikopo

Sura ya Lozana ilikuwa imelala mtaroni mbele ya ofisi ya meya, ikitazama juu, na mtu fulani alikuwa amezimia sigara shavuni pake. Rangel aliinama kwa shida, goti likimlilia, akaokota kile kikopo na kukipangusa kwa mkono wa koti. Ndiye yeye. Kitambaa kile cha kichwa chenye maua, jicho lile la kushoto lililokuwa dogo kuliko la kulia, na lile tabasamu ambalo mkewe hakuwahi kumpa mtu bure. Chini ya kidevu waliandika kwa herufi za madaha: BIBI LOZANA. MTINDI WA KWELI WA MLIMANI, KUTOKA CHACHU YA MIKONO YAKE.

"Mikono yake," alisema Rangel, akatema mate upande wa ofisi.

Nyumbani alikuwa na gunia zima la vikopo kama hicho, vya kuokota stendi, kanisani, kando ya mto. Kuvitupa hakuweza, maana ingekuwa kumtupa mkewe. Kuvichoma ndiyo kabisa. Basi vilikaa bandani, mkewe mara mia, akimtabasamia kutoka gizani kila alipokwenda kuchukua kuni.

Pale kijijini Dolna Krusha sura ya marehemu ina mahali pake. Hubandikwa kwenye karatasi mlangoni na kwenye nguzo ya stendi, na jua na mvua huipausha kidogo kidogo mpaka waliobaki wazoee. Ya Lozana ilikuwa bado mlangoni, imeanza kupoteza pua. Hiyo Rangel aliielewa. Ambalo hakulielewa ni kwa nini mwanamke aliyezikwa na padri kwa heshima zake alambwe kwenye kifuniko na kila mlevi wa mjini, halafu atupwe mtaroni na kijiko ndani.

Alitaka jambo moja tu: sura itoke kwenye kikopo. Pesa hakutaka. Alimwambia hivyo kila mtu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwamini. Wakubwa wa siku hizi wanamwelewa mtu anayeomba pesa. Asiyeomba wanamwona mgonjwa.

Akaingia ofisini na kikopo chake bila kubisha hodi. Meya alikuwamo, mama wa nywele nyekundu za kupaka, na mbele yake, amekalia kiti kizuri kuliko vyote, alikuwamo Pashkulev mwenyewe, mkurugenzi wa kiwanda cha maziwa. Pashkulev alikuwa karani wa chama enzi zile za Wakomunisti, akawa mfanyabiashara enzi hizi, na katika enzi zote mbili hakuwahi kukamua hata mbuzi.

"Mzee Rangel! Karibu, mzee wangu. Kahawa?"

"Kahawa kunywa mwenyewe. Nimekuletea mke wangu." Akakiweka kikopo juu ya karatasi za meya, majivu na vyote.

Pashkulev alikitazama, akaweka uso wa msibani. Uso huo alikuwa nao tayari muda wote, kama wengine wanavyobeba leso. "Mzee, hii ni heshima. Leo nchi nzima inamjua Bibi Lozana."

"Nchi nzima inamzimia sigara."

"Chachu alitupa kwa hiari yake. Kamera zilikuwepo, mheshimiwa meya alikuwepo, mimi nilikuwepo. Wewe ndiye hukuwepo."

Hilo lilikuwa kweli. Siku waliyokuja na magari yao Rangel alikuwa nyuma ya nyumba akimchuna mwanakondoo, akawaapiza kwa sauti ya kusikika barabarani, na kutoka hakutoka. Mkewe ndiye aliyewapokea.

"Mtindi ule si wake," alisema. "Ulileta makreti siku ya arobaini yake, nikaonja. Wa Lozana ulikuwa unauma kidogo pembeni mwa ulimi, halafu ndiyo unatulia. Wako umetulia tangu mwanzo, kama wewe mbele ya waziri."

Meya alikohoa ndani ya kikombe.

"Mzee wangu," alisema Pashkulev taratibu, kama anayemweleza mtoto, "mtindi wa bibi yako, mtindi wangu, mtindi wa jirani, vijidudu ni vile vile. Kinachokuuma pembeni mwa ulimi ni majonzi."

"Usinifundishe majonzi."

"Basi tufanye hivi. Sura ya bibi ipo pale kwa sababu chachu ni yake. Sheria ndivyo inavyosema, kilichoandikwa nje kiwe ndani. Thibitisha kuwa si yake, nami nitaibandua sura kwa kucha zangu hizi. Mheshimiwa ni shahidi."

Akazionyesha kucha. Zilikuwa safi mno.

*

Rangel aliipeleka kesi ofisi ya kulinda walaji, mjini kwenye wilaya. Wakamwambia alete kikopo na alete chachu ya marehemu, walinganishe. Kikopo alikuwa nacho, tena gunia. Chachu ndiyo ilikuwa taabu. Kila nyumba pale kijijini huweka kando kijiko cha mtindi wa jana ili kugandishia maziwa ya leo, na hivyo mtindi huzaa mtindi tangu enzi za mama wa mama. Lozana alipokufa, chungu chake kilibaki rafuni na hakuna aliyekigusa, mpaka kikaota ukungu wa kijani na Rangel akakimwaga kwa kuku.

Lakini Lozana alikuwa mtu wa kujihami. Kila vuli, maziwa yanapokuwa mazito, alichovya kitambaa safi cha kitani ndani ya mtindi, akakikausha kivulini, akakikunja na kukificha kwenye sanduku la nguo. Kitambaa kama hicho ukikitia kwenye maziwa ya vuguvugu, chachu huamka. Rangel alikikuta chini ya shali yake ya harusi, kigumu kama ngozi, kinanukia uchachu na dawa ya nondo. Alikaa nacho kitandani muda mrefu kabla ya kukikata pembe moja kwa mkasi na kuipeleka wilayani.

Majibu yakaja kwa Pashkulev kabla ya kuja kwake. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha ofisi ile ilikuwa inamlinda mlaji yupi. Rangel alipofika kilabuni jioni, mkurugenzi alikuwa amesimama kati ya wacheza karata, miwani puani.

"Vijidudu vilivyomo katika sampuli zote mbili," alisoma kwa sauti ya padri, "ni vya aina moja. Aina moja! Si maneno yangu, jamani. Ni ya serikali."

"Rangel!" mmoja wa wacheza karata alimpigia kelele. "Ulimi wako umepimwa, umekutwa na kutu!"

"Mwekeeni glasi ya rakia ausuuze!"

"Serikali ikikwambia mkeo alikuwa mwanamume, utakubali?" aliuliza Rangel.

"Inategemea serikali imemwona wapi," alijibu yule, na kilabu kizima kikaangua kicheko, na Pashkulev akacheka kuliko wote, akampiga Rangel mgongoni, akamlipia glasi. Rangel aliimimina kwenye sahani ya jivu mbele ya macho yao. Mwenye kilabu alilalamikia sahani.

*

Siku iliyofuata alipanda basi la kwenda Sofia, kwenye maabara kubwa ya serikali, kusudi akawatukane. Mpango wake ulikuwa huo tu. Mlinzi alimzuia mlangoni, kwa sababu mlinzi ni mtu aliyepewa kiti na kofia ili akuambie hapana. Basi Rangel akasimama kwenye ngazi za nje akawatukana kutokea pale. Juu kidogo, mama mmoja mnene mwenye koti jeupe alikuwa anavuta sigara, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, baba?"

"Nimepumzika."

"Hao unaowatukana ni kina nani hasa? Nijue kama nimo."

Akamweleza. Mama yule, Zornitsa, mtaalamu wa vijidudu vya maziwa, aliuomba ule waraka wa majibu, akaupitisha macho upesi, akapuliza moshi puani.

"Unafuga, baba?"

"Nilikuwa na kondoo. Nimeuza."

"Kondoo wako wakichanganyika na wa jirani malishoni, ulikuwa unawajuaje?"

"Sikio. Wangu nilikuwa nawapasua ncha ya sikio la kushoto. Baba yangu hivyo hivyo."

"Basi hawa wa wilayani wamechungulia wakaona ni kondoo. Wakaandika: kondoo na kondoo, aina moja. Sikio hawakuangalia."

Rangel alimkodolea macho. "Na vijidudu wana masikio?"

"Wana vinasaba. Ni zaidi ya sikio. Ukiwatazama kwa darubini, hawa wa mtindi wote wana sura moja, hata mama yao hawatambui. Lakini vinasaba vyao nikivikata kwa dawa yangu, vinakatika vipande, na kila mlango wa ukoo unakatika mahali pake. Vipande vile navisukuma kwa umeme ndani ya kitu kama utelezi ulioganda. Vidogo vinakwenda mbali, vikubwa vinabaki nyuma kama matajiri kwenye foleni ya mkate. Mwisho unapata mistari. Hiyo ndiyo alama ya kidole chao."

"Na wewe unalipwa na nani?"

"Na serikali."

"Basi na wewe ni mwizi."

"Ukiuona mshahara wangu utaniomba radhi," alisema Zornitsa, akaizima sigara. "Hicho kitambaa, unacho?"

Alikuwa nacho, kifuani, kimefungwa kwenye karatasi ya mkate. Alikitoa lakini hakukiachia. Mama yule alisema angehitaji nusu, tena nusu nzuri, ya katikati, maana wengi wao wangekuwa wameshakufa kwa ukavu na angetaka walio hai.

"Hicho ndicho kilichobaki chake," alisema Rangel. "Nguo nimegawa. Chungu wamekula kuku."

"Najua, baba."

"Hujui. Mkiniharibia hiki, ndiyo sina."

Zornitsa hakumjibu kwa maneno ya faraja, na hilo ndilo lililomfanya Rangel amwachie. Alikuwa amechoshwa na watu wa faraja. Alichukua mkasi, akakata mbele yake, akamrudishia nusu ya pembeni, akasema asirudi mpaka apigiwe simu.

*

Simu ilipopigwa kondoo walikuwa wamekwisha shushwa milimani. Rangel alimkuta Zornitsa chumbani kwake, katikati ya mirundo ya visahani, na picha moja imebandikwa kwenye dirisha ili mwanga upite. Ilikuwa picha nyeusi yenye vistari vyeupe, kama ngazi kadhaa zimesimamishwa kwenye giza.

"Ngazi ya kwanza ni kitambaa cha mama," alisema. "Ya pili ni kikopo. Tazama mwenyewe, nisije nikaitwa mwizi."

Rangel alivaa miwani. Alianza chini akapanda juu kwa kidole. Mstari kwa mstari, ilikwenda sambamba, sambamba, moyo ukaanza kumshuka. Halafu kidole kikasimama. Hapa kwenye kitambaa palikuwa na mistari miwili iliyokaribiana kama macho. Kwenye kikopo palikuwa na mmoja, tena umesogea. Juu yake pengo ambalo kule halikuwapo. Juu zaidi, tena.

"Ukoo mmoja," alisema Zornitsa. "Lakini huyu na huyu waliachana zamani sana. Nimerudia kwa dawa nyingine, jibu ni lile lile. Chachu ya kwenye kikopo haikutoka kwa mkeo."

Rangel aliketi. Kidole chake kilibaki hewani, mbele ya ile mistari miwili.

"Kuna ngazi ya tatu," aliendelea yule mama, na hapo mdomo wake ulianza kucheza. "Nilikuwa na hamu tu. Nilishuka kioski hapo chini nikanunua ule mtindi wa bei ya chini wa kiwanda hicho hicho, wa kikopo cheupe, unaopelekwa shule na jela. Tazama ya pili na ya tatu."

Hakuhitaji kidole. Zilikuwa ngazi moja iliyopigwa picha mara mbili.

"Wanatia mtindi wa jela," alisema Rangel polepole, "wanambandika Lozana."

"Na wanauuza bei mara mbili."

Hapo Rangel alicheka. Alicheka mpaka mtu akachungulia mlangoni. Alikuwa amewachukia wakubwa maisha yake yote kwa imani tu, bila ushahidi, kama watu wanavyosali. Leo alikuwa nao kwenye picha.

*

Alimkuta Pashkulev kiwandani, ofisi yenye zulia, akambandikia picha dirishani kama alivyoona kule Sofia.

"Mwizi," alisema. "Tapeli wa mtindi. Ulichukua chachu ya mke wangu ukaimwaga, ukatia takataka yako. Kucha zako ziko wapi?"

Pashkulev alisoma karatasi ya maabara. Akaisoma tena. Rangel alitazamia uso wa msibani, au ule wa kilabuni. Haukuja hata mmoja. Kilichokuja kilikuwa uso wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Haiwezekani," alisema. "Chungu nilikibeba mimi mwenyewe mapajani. Mtaalamu wangu aliotesha kutoka chungu kile kile. Mzee Rangel, naapa kwa wanangu."

"Waache wanao. Hawajakukosea kitu, wamekukuta tu."

"Naapa! Ngoja. Ngoja uone."

Akageuza kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, na ghafla Lozana akawa hai.

Rangel hakuwa amejiandaa. Lozana alikuwa pale uani, mbele ya mlango wa jikoni, na ndoo ya maziwa pembeni imevikwa taji la majani mabichi. Meya alikuwa anapiga domo kuhusu urithi wa taifa. Kutoka nyuma ya nyumba, kwa mbali, ilisikika sauti ya mwanamume ikiwaapiza wote na mama zao, na mpiga picha akacheka. Lozana naye aliingia ndani, akatoka na chungu mikononi, akamkabidhi Pashkulev, akatabasamu kwenye kamera. Tabasamu lile la kwenye kikopo. "Chukua, mwanangu," alisema. "Kichukue chote. Kigawe nchi nzima."

"Umeona?" alisema Pashkulev. "Umesikia?"

Rangel alikuwa ameona. Alikuwa ameona lile taji la majani kwenye ndoo.

"Hii ilikuwa siku gani?"

"Siku gani vipi? Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Tuliichagua makusudi, kwa ajili ya picha. Mwanakondoo, majani, desturi..."

"Rudisha nyuma. Pale anapotoka na chungu."

Ikarudishwa. Rangel alisogeza pua mpaka karibu na kioo. Mdomo wa chungu ulikuwa wazi, mtindi mweupe, juu yake hakuna kitu.

Siku ya Mtakatifu Georgi hakuna mwanamke wa Dolna Krusha anayetoa chachu nje ya nyumba. Hatoi maziwa, hatoi chumvi, hatoi hata kaa la moto, maana siku hiyo anayetoka na kitu chako anatoka na baraka ya maziwa yako mwaka mzima. Na siku nyingine zote, anapotoa, hudondosha kwanza kipande cha mkate ndani ya chungu, ili baraka ibaki nyumbani na chachu iende peke yake. Jambo hilo analijua kila mtoto anayenyonya. Wasiolijua ni wale waliokuja na kamera kuipiga picha desturi.

Rangel aliinuka, akavua kofia, akaivaa tena.

"Na kucha?" alikumbuka kuuliza akiwa mlangoni. Pashkulev alikuwa bado anautazama ule mdomo wa chungu, haelewi anatafuta nini.

*

Duka la Mitra lilikuwa linafungwa. Mitra na Lozana walikuwa wamekua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakagombana na kupatana maisha yote.

"Mitra," alisema Rangel, "mwaka ule wa kamera. Asubuhi ya sikukuu. Alikuja kwako?"

Mitra aliacha kuvuta pazia la chuma. Alimtazama, halafu akaanza kutikisika mabega, na kumbe ni kicheko kilichofungiwa muda mrefu.

"Alikuja! Ee, shemeji, alikuja! Nimefungua tu duka, nikamwona ananunua mtindi wa kikopo cheupe. Vikopo viwili. Nikamwambia, Lozana, una homa? Wewe wa kununua mtindi? Akasema, wanakuja wale wa meya, wanataka chachu, tena leo. Nikamwambia wakatalie. Akasema, ukiwakatalia wanarudi, ukiwapa wanaondoka."

"Akawapa wa kwao."

"Akaumimina kwenye chungu cha udongo, akaukoroga usijulikane! Wametaka picha, amewapa picha. Wametaka mtindi, amewapa mtindi." Mitra alifuta macho kwa ncha ya aproni. "Lakini uso wake kuuweka kule hakujua, shemeji. Hilo hakulijua. Vilipotoka vikopo alikuwa ameshakwenda."

Rangel alishika kaunta. "Mbona hakuniambia?"

"Kukwambia wewe?"

"Mimi, mumewe."

"Alisema, usimwambie Rangel, mdomo wake hauna kizibo. Atatoka mbio kilabuni awatangazie, na utamu wote utaisha kabla ya chakula cha mchana."

Ilikuwa kweli tupu. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amemlaani Pashkulev kwa wizi ambao mpumbavu yule hakuutenda. Hakuona haja ya kumwomba radhi. Zilikuwa laana nzuri na hazikupotea. Zilimkuta mtu anayezistahili kwa mambo mengine.

*

Pashkulev alikuja mwenyewe, wiki ile ile, akaegesha gari mbali kidogo ili lisichafuke. Mpumbavu ni mpumbavu, lakini alikuwa amekaa na meya wakaelewa chungu kile kilikuwa na mtindi wa nani. Alipita karibu na karatasi ya mlangoni bila kuitazama, akakaa jikoni bila kukaribishwa.

"Tumalize kiume, mzee. Ile nusu ya kitambaa. Nipe, mtaalamu wangu aiamshe, tuanze upya, na kila kilichoandikwa kwenye kikopo kitakuwa kweli. Bibi atabaki kwa heshima yake."

"Nikikataa?"

"Ukikataa, sura inatoka, sawa. Lakini watu watauliza imetoka kwa nini." Alishusha sauti. "Nitalazimika kusema. Kwamba Bibi Lozana aliidanganya kampuni. Aliidanganya serikali, mbele ya kamera. Jina la marehemu, mzee wangu. Fikiria."

Rangel alifikiria. Alifikiria kwa raha, kama mtu anayetafuna kitu kitamu kwa meno yaliyobaki.

"Sema," alisema.

"Nini?"

"Sema, nimekwambia. Wewe huwezi kuandika vizuri, nitakusaidia. Andika kwenye kikopo, kwa zile herufi zako za madaha: Bibi huyu alitukabidhi mtindi wetu wenyewe, nasi tukausifu. Hicho nitakinunua. Nitakiweka karibu na sanamu za watakatifu."

"Mzee Rangel..."

"Tena muite meya alete kamera. Mimi safari hii nitatoka."

Pashkulev alisimama. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu mpaka kwenye kola. "Nyinyi watu," alisema, "ndiyo maana hamtafika popote."

"Tulikuwa tunakwenda wapi?" aliuliza Rangel. "Toka. Na angalia usitoke na kitu."

Hakusema neno hata moja kilabuni wala redioni, huyo mkurugenzi. Watu wa aina yake hutishia kukuvua nguo huku wao ndio walio uchi. Majira ya baridi yalipoingia vikopo vilibadilika, bila tangazo. Pale alipokuwa Lozana wakachora bibi fulani asiye mtu, mashavu kama nyanya na meno yote thelathini na mawili, jambo ambalo peke yake linakwambia hawajawahi kumwona bibi. Rangel alikikuta kimoja mtaroni mbele ya ofisi ya meya. Alikirusha kwa teke, akaendelea na safari yake.

Vile vya gunia alivizika. Alichimba nyuma ya kaburi la Lozana, na padri alipouliza ni nini, alimwambia ni jamaa wa marehemu.

Zornitsa alikuwa amempa kichupa. Ndani yake wale walioamka kwenye kitambaa, amewatenga na kuwakuza, amewaandikia kwa kalamu jina la Lozana. Rangel alinunua maziwa ya kondoo kwa jirani, akayachemsha, yakamwagika kwenye jiko, akatukana, akachemsha mengine. Lozana alikuwa akipima joto kwa kidole kidogo cha mkono. Naye akachovya chake, akakiondoa upesi, akangoja, akachovya tena. Akatia kichupa, akafunika chungu, akakivika ile shali ya harusi. Mara ya kwanza mtindi ulitoka na maji kama machozi ya paka. Mara ya pili ukashika.

Alionja amesimama. Uliuma kidogo pembeni mwa ulimi, halafu ukatulia.

Habari Dolna Krusha haziombi ruhusa. Kabla hajaosha kijiko, Mitra alikuwa mlangoni na bakuli chini ya aproni.

"Shemeji, nasikia. Nigawie kijiko cha chachu."

Rangel alimtazama, akalitazama bakuli, akageukia kalenda ya kanisa ukutani.

"Leo siku gani?"

"Jumanne, shemeji. Jumanne ya hivi hivi, haina mtakatifu yeyote wa maana."

"Lete."

Akamchotea kijiko, akaongeza kingine. Halafu akamega mkate kipande kidogo, akakidondosha katikati ya bakuli, na kukisukuma kwa kidole mpaka kikazama.